Matone Chini ya Ulimi

Mara ya tatu daktari wa chumba cha dharura aliponambia kwamba moyo wangu ni mzima, sikumshukuru. Nilimtazama kama mtu aliyenifungia mlango usoni. Kama na wewe umewahi kulala juu ya kitanda kile chembamba, vile vibandiko vya kupimia moyo bado vimekunata kifuani, ukatamani wakwambie una ugonjwa, ugonjwa wowote wenye jina, basi haya nimekuandikia wewe. Mimi sasa ni mzima wa kutosha kuandika. Sisemi nimepona moja kwa moja, na hilo nitalieleza mbele.

Naitwa Asila. Nna miaka arubaini na sita, na kazi yangu ni kufundisha wanawake kuendesha gari hapa Ibra, Oman. Huku kwetu mwanamke akitaka leseni hutafuta mwalimu mwanamke mwenye gari yake mwenyewe, iliyotiwa breki ya pili upande wa abiria. Wanakaa wawili ndani ya gari hiyo, somo baada ya somo, mpaka mwanafunzi apite mtihani wa kurudi nyuma baina ya mapipa, kisha wa kilima, kisha wa barabarani. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na tano. Wanafunzi wananiita Abla, kama anavyoitwa mwalimu wa skuli.

Sikuichagua kwa kupenda kufundisha. Niliichagua kwa kupenda njia. Tulitoka Unguja nikiwa na miaka tisa. Baba akatupeleka Sur, nikasoma huko mpaka nikamaliza sekondari, halafu tukahamia Nizwa, halafu Ibra. Kila nilipozoea dirisha, tulifunga mizigo. Kuna watu hali hiyo huwachosha. Mimi ilinipa kiu. Nilipoachika sikulia sana, nilijaza petroli. Siku za Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa natoka bila ya kujua nakwenda wapi, nikajikuta mji wa Adam, nimeegesha gari nje ya mkahawa, nakunywa chai ya maziwa na kutazama mbuzi wanavyoteremshwa kwenye pikapu. Barabara ndefu ndiyo mahali pekee nilipoweza kuikumbuka nyumba yetu ya Unguja bila ya kuumia: rangi ya mlango wa uani, sauti ya mama akimtuma mtu dukani. Nikisimama, kumbukumbu zile hunichoma. Nikiwa naenda, hunifurahisha.

Kwa hiyo ugonjwa ulipokuja, ulichagua mahali pabaya kuliko pote. Ulinikuta kwenye usukani.

Ilikuwa majira ya baridi, mchana mweupe, natoka Sur narudi nyumbani. Hapakuwa na ajali wala habari mbaya. Nilikuwa nafikiria kitunguu, kama nimebakisha au nipite sokoni. Ghafla kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, barabara mbele yangu ikawa kama inarefuka na kuinuka. Nikajua nakufa. Sikudhani, nilijua. Nikaliteremsha gari pembeni kwenye changarawe, nikafungua mlango, nikatoa shahada.

Sikufa. Lori moja lilipita likapiga honi, ikapita robo saa, nikawa nimekaa pale nimelowa jasho kama niliyetoka kuoga. Nikaenda hospitali. Moyo mzima. Baada ya wiki mbili, tena, safari hii mwanafunzi ndiye aliyekuwa anaendesha, na mimi nikakanyaga breki yangu katikati ya raundabauti bila ya sababu yoyote. Moyo mzima. Mara ya tatu, yule daktari akaandika karatasi, akasema kwa Kiarabu, "Mama, huu ni qalaq." Wasiwasi.

Nikamwambia Shangazi Zuwena. Shangazi ni dada yake marehemu baba, na tangu nilipoachika tunakaa naye nyumba moja, mimi na yeye tu. Ana miaka sabini na kidogo, na Kiswahili chake bado kile kile cha mjini Unguja.

"Wasiwasi?" akasema. "Nani hana wasiwasi? Mimi nna wasiwasi tokea mwaka sitini na nne, na mbona nakula?"

"Huu si wa namna hiyo, Shangazi."

"Basi ni jicho. Umezidi kuonekana barabarani."

Akaniletea mtu wa kunisomea. Akaniandikishia kombe, aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, nikanywa. Sisemi halikufaa. Nilitulia siku mbili, na zile siku mbili mpaka leo nazishukuru. Lakini ya tatu kifua kikarudi.

Mwili nao ukaanza kubadilika. Nywele zilitoka kwa mafungu kwenye kitana. Pete ya mama yangu ilinivuka kidoleni nikiosha mchele, tukaitafuta kwenye sinki. Baibui langu la kazini likawa linanipwaya, na wanafunzi wakawa wananisifu, "Mashallah Abla, umepungua, umefanya nini?" Nikawa nacheka. Nilipunguza masomo. Sikutoka tena nje ya Ibra. Mwisho nilikuwa nafundisha kwenye uwanja wa mapipa tu, ambako gari haiendi popote, inarudi nyuma na kwenda mbele. Kwa mtu kama mimi, hicho kilikuwa kifungo.

Dada yangu Thuraya anakaa Uingereza na mumewe na watoto. Tulikuwa tunaongea kila siku kwenye simu, na yeye ndiye wa kwanza kunambia kuwa ana dawa.

"Matone," akasema. "Mawili chini ya ulimi asubuhi, mawili jioni. Mimi nilikuwa kama wewe baada ya kujifungua yule wa mwisho, wallahi Asila, yalinirudishia roho."

"Dawa gani hiyo?"

"Ya majani tu. Huku yanauzwa dukani, rafu moja na vitamini. Hayalevyi, hayana kitu."

"Majani gani?"

"Majani, bwana! Wewe kombe ulilinywa, hukuuliza wino wa nani."

Kiangazi kile Shangazi alikwenda kumtembelea Thuraya, na aliporudi alirudi na mizigo. Hapa lazima nieleze ada yetu, kwa sababu ndiyo iliyotutia matatani. Sisi watu wa Unguja tuliotawanyika hatutumii posta. Tunatumiana mtu. Anayesafiri hubebeshwa: dawa ya presha ya fulani, mafuta ya nywele ya fulani, biskuti, viatu vya mtoto wa fulani. Kila kifurushi kimefungwa kwa gundi na kuandikwa jina kwa kalamu. Hufungui wala huulizi. Kuuliza ni kama kusema humuamini mwenzako, na akina bibi wa rika la Shangazi wangeona aibu mpaka wafe. Shangazi alirudi na vifurushi kumi na moja. Changu kilikuwa soksi ya mtoto iliyofungwa fundo, ndani yake chupa ndogo nyeusi yenye kifuniko cha kudondoshea. Aliibeba kwenye mkoba wake wa mkononi, pamoja na tasbihi na peremende.

Chupa ilikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza, na ubavuni jani limechorwa. Nikalitazama lile jani, vidole vimetanuka kama mkono. Nikaona kisamvu. Jani la muhogo tupu. Nikacheka peke yangu jikoni: Wazungu nao wamegundua kisamvu.

Nikaanza matone. Yalikuwa na ladha ya nyasi na kitu kichungu nyuma yake. Siku ya tatu nililala mpaka alfajiri bila ya kuamka. Baada ya wiki nikaendesha mpaka nje ya mji. Tende za rutabu zilikuwa zimeiva, watu wanauza kwenye ndoo kando ya njia, nikanunua, nikala mbili tatu nikiwa naenda, nikalia kwa furaha. Wiki ya pili nilikwenda Nizwa. Peke yangu. Nilipita Fanja, nikapita Izki, nikafika, nikanunua bilauri za kahawa ambazo sikuzihitaji, nikarudi. Nikampigia Thuraya.

"Nimefika Nizwa!"

"Si nilikwambia? Si nilikwambia?" Akawa analia na yeye.

Nakuandikia kweli, kwa hiyo sitaficha: zile wiki mbili nilijiona mzima. Mtu angeniuliza, ningemwapia kwa Mungu kwamba matone yanatibu wasiwasi.

Chupa ilipokaribia kwisha nikaichukua mpaka duka la dawa kuuliza kama wanayo. Mwenye zamu alikuwa Mhindi wa makamo ambaye huniuzia panadoli miaka yote. Akaipokea, akavaa miwani, akasoma. Kisha akaiweka juu ya kaunta, akaifunika kwa kiganja. Nyuma yangu palikuwa na mwanamke na mtoto. Akangoja mpaka wakatoka.

"Mama, umeipata wapi hii?" akauliza kwa Kiarabu, sauti chini.

"Dada yangu amenitumia. Ni majani."

"Majani ndiyo. Inatoka kwenye mmea wa bangi."

Nilidhani sikumsikia. Akaona uso wangu.

"Hailevyi kama ile ya kuvuta. Kuna nchi wanaiuza. Lakini hapa hairuhusiwi, mama. Ni marufuku. Ichukue, itie kwenye mkoba. Mimi sikuiona. Na usiioneshe mtu mwengine."

Nilitoka nikaingia garini, nikafunga mlango. Na hapo ndipo ulipotokea mkasa ambao mpaka leo naufikiria. Asubuhi ile ile nilikuwa nimedondosha matone yangu kama kawaida. Mafuta yale ya matone yalikuwa bado mwilini mwangu, kiasi kile kile kilichonifikisha Nizwa. Na hofu ikaja nzima nzima, kubwa kuliko ya Sur, kuliko zote. Niliona leseni yangu ya ualimu inachukuliwa. Nilijiona mimi mahakamani na Shangazi pembeni yangu. Mikono haikuweza kutia ufunguo. Nilikwenda nyumbani kwa miguu, kwenye jua la saa sita, nimeukumbatia mkoba, na gari nikaliacha pale mbele ya duka siku tatu.

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Nikakaa chini, nikamwambia yote. Aliweka ungo.

"Sema tena."

"Inatoka kwenye bangi, Shangazi."

"Ile soksi?"

"Iliyokuwemo ndani ya soksi."

"Niliyoibeba mimi." Akasimama. "Mimi, Zuwena, niliyehiji mara mbili! Napita mbele ya askari, namwambia salamu alaykum mwanangu, yeye ananambia karibu mama, ananishikia mkoba, anashika bangi!"

"Hukujua, Shangazi."

"Angenishuhudia nani kuwa sikujua? Wewe? Wewe uliyekuwa unasema ni kisamvu?"

Nusura nicheke. Sikuthubutu. Akaniomba nimpigie Thuraya, akaichukua simu mwenyewe, akaishika mbali na sikio kama anayeikaripia.

"Umenifanya punda," akamwambia. "Nimekaa kwako mwezi mzima, nimekupikia, nimekulelea watoto, na wewe umenibebesha haramu nikaingia nayo nchi ya watu."

Sauti ya Thuraya ilikuwa ndogo. "Shangazi, huku si haramu, madukani imejaa. Nilitaka apone tu. Sikufikiria."

"Hukufikiria! Ndo hapo. Mimi ningefungwa, hebu fikiria sasa."

Akakata simu. Tukaenda jikoni. Nikafungua bomba la maji ya moto, nikamwaga kilichobaki kwenye sinki na sabuni nyingi, na Shangazi amesimama nyuma yangu anasoma kwa sauti, kama anayezika. Tukaiosha chupa, tukaitupa. Kisha akaketi kwenye kiti cha jikoni, akaumimina mkoba wake wote mezani, akaupekua mpaka bitana. Hapo ndipo hatia iliponishika vizuri. Alikuwa ameogopa, kweli kweli, katika umri ule, kwa ajili yangu.

Hakusema na Thuraya mpaka majira ya baridi. Na mimi na Thuraya hatukuwa na maneno mengi. Yeye alihisi nimemgeuka, mimi nilihisi kila nikimpigia namsaliti Shangazi. Nyumba yenye watu wawili ikiwa kimya, hata friji unaisikia.

Lakini ni Shangazi huyo huyo aliyekuja mlangoni kwangu wiki moja baadaye, amekwisha vaa baibui. "Umenywa wino, umenywa bangi," akasema. "Sasa twende kwa daktari tukanywe dawa ya watu."

Kliniki ya magonjwa ya akili ilikuwa Nizwa. Na mimi siwezi kuendesha, na Shangazi hajui. Niliona aibu kumwambia mtu. Mwisho nikamwandikia mwanafunzi wangu wa zamani, Khulud, ambaye sasa ni mwalimu wa hesabu, nikamwambia gari yangu mbovu. Akaja na yake. Njiani nikashindwa kuendelea na uongo, nikamwambia kweli. Macho yake yalibaki mbele, mikono pahala pake kama nilivyomfundisha.

"Abla," akasema, "mimi nilianguka mtihani wa mapipa mara nne. Mara zote nne ulinambia, njoo tena kesho. Basi na wewe ukitakiwa kurudi? Nitakuja tena."

Hakuja peke yake. Alianzisha kundi kwenye simu, akawatia wanafunzi wangu wa zamani aliowajua, bila ya kuwaeleza zaidi ya kwamba Abla anahitaji kupelekwa Nizwa. Kila miadi ikawa na dereva wake. Wanawake niliowafundisha wakiwa wanalia kwenye kilima wakawa wananipitisha Bidbid kwa utulivu, wameniletea sambusa. Nilikuwa abiria mbaya. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu kila penye kona.

"Abla, hapana breki upande huo," Khulud akanambia.

"Najua. Punguza mwendo."

"Naenda themanini."

"Punguza."

Shangazi kutoka kiti cha nyuma: "Mwache mwenzio aendeshe! Mwalimu gani huyu haamini alichosomesha?"

Chumba cha kungojea cha kliniki ile nakikumbuka kuliko chumba chochote nilichopata kukaa. Viti vya buluu, mashine ya maji, televisheni bila sauti. Watu wote wanatazama simu ambazo hawazisomi. Wanawake wengi wamejifunika uso, hata wasiojifunika siku zote, na mimi nikiwa mmoja wao. Mara ya pili nilipokwenda, mmoja alinyanyuka akaja kukaa kiti cha pembeni yangu. Akainamisha kichwa, akasema polepole, "Abla?" Nikaijua sauti. Nilimfundisha miaka sita nyuma. Kila mmoja wetu aliogopa mwenzake atasema. Kisha akafungua mkoba wake akanipa peremende. Basi, hatukuulizana kitu. Tangu siku ile sikujifunika tena pale ndani.

Daktari alikuwa mwanamke wa Kiomani, umri wa mpwa wangu. Nimwite Daktari Ibtisam, ingawa siyo jina lake. Nilikaa mbele yake nikamweleza kifua, vidole, raundabauti. Matone nikayaruka. Shangazi akakohoa. Nikaendelea kuyaruka. Shangazi akasema kwa Kiarabu chake cha Unguja, "Binti yangu, huyu amekunywa bangi, na mimi ndiye niliyemletea."

Nilitamani sakafu ipasuke. Daktari hakushtuka wala hakunyanyua simu. Aliuliza matone mangapi, muda gani, nimeacha lini, na kama nilikuwa na dawa nyengine. Aliandika. Akasema alitaka kujua kwa sababu yanaweza kugombana na dawa atakayonipa, na kwa sababu mgonjwa akificha, daktari anatibu mtu mwengine asiyekuwepo.

Nikamuuliza lile lililokuwa linanila. "Yalinisaidia au hayakunisaidia?"

"Sijui," akasema. Nilishangaa daktari kusema sijui. "Na wewe hujui. Wako watu wanaopata nafuu, wako wasiopata kitu, na wataalamu bado hawajamaliza kubishana. Hata kilichomo ndani ya chupa zile si lazima kiwe kile kilichoandikwa nje. Labda yalikupa usingizi, na usingizi ukakupa Nizwa. Labda ni dada yako aliyekwambia utapona, ukamuamini. Lakini nambie wewe: siku ile dukani, mafuta yalikuwa bado mwilini?"

"Yalikuwamo."

"Na hofu ilikuja?"

"Ilikuja."

"Basi hayo ndiyo tunayoyajua. Na hapa petu ni marufuku, Asila. Huwezi kutuliza hofu kwa kitu unachokificha chini ya nguo kabatini."

Hakunicheka. Kwa hilo peke yake ningempikia biriani.

Alinipa kidonge kidogo, kimoja kila siku, na akanambia ukweli wake: wiki za mwanzo zitakuwa ngumu. Zilikuwa ngumu. Mdomo ulikauka kama karatasi, chakula kilinichefua, nilipiga miayo mbele za watu. Shangazi alinichemshia tangawizi na kunihesabia siku kwenye kalenda ya ukutani. Wiki ya tano, nikiwa naanika nguo, nikagundua kuwa tangu asubuhi sijausikia moyo wangu. Ulikuwa unapiga kazi yake kimya kimya, kama moyo wa watu wengine. Nikasimama na kanga ya maji mkononi.

Pamoja na kidonge nilikuwa namuona mshauri, kila wiki mbili mwanzoni, halafu kila mwezi. Yeye alinipa kazi za nyumbani. Kukaa ndani ya gari lililozimwa, dakika kumi. Kuliwasha bila ya kwenda. Kwenda mpaka mwisho wa mtaa. Kwenda mpaka kituo cha petroli, na hofu ikija nisiikimbie, nikae nayo, nitazame saa, nione inapanda na inashuka. Mimi niliyekuwa nafika Adam kwa ajili ya chai, nilikuwa nafurahia kufika kwenye kituo cha petroli. Nakwambia wewe unayesoma: furahia. Usijilinganishe na ulivyokuwa. Mimi nilijilinganisha na nilipoteza wiki kadhaa.

Baridi ilipoingia Shangazi mwenyewe alinitaka nimpigie Thuraya. Akaichukua simu.

"Umekula?" akamuuliza.

"Nimekula, Shangazi."

"Watoto?"

"Wazima. Shangazi, nisamehe."

"Nimeshasamehe zamani, nilikuwa nimesahau kukwambia." Kisha: "Na wewe yale mafuta yako bado unatumia?"

"Natumia. Yananifaa."

"Tumia, huko kwenu ruhusa. Lakini nikija mara nyengine, kila mzigo nitaufungua mbele ya mwenyewe. Hata wa pedi."

Na alifanya hivyo kweli. Sasa hivi akina bibi wa Ibra wanajua: Bi Zuwena habebi kilichofungwa. Wapo waliomnunia. Wengi wamemfuata.

Baada ya Ramadhani, Daktari Ibtisam alisema naweza kurudi kazini, nianze kidogo. Kidonge bado nakunywa. Amesema tutakipunguza pamoja, taratibu, na mimi sina haraka. Ninaendesha mpaka Nizwa mwenyewe, na mara moja nimefika Sur. Hofu hunijia bado, si kila siku, na haiji tena na ile sauti ya kuwa nakufa. Yanayonitia shukurani ni mambo madogo: yule mwenye duka la dawa aliyefunika chupa kwa kiganja, peremende ya kliniki, Khulud kwenda themanini. Sijui matone yalifanya nini. Najua hawa walifanya nini.

Mwanafunzi wangu wa kwanza baada ya kurudi alikuwa mjane wa miaka hamsini na moja, Bi Salma, mwenye watoto wakubwa wasiompeleka popote. Tulikaa wiki tatu kwenye mapipa. Wiki ya nne nikamtoa barabarani, asubuhi, kwenye njia kubwa ya kutoka Ibra. Tulikwenda vizuri kama kilomita mbili, kisha nikaona vidole vyake vimekuwa vyeupe juu ya usukani.

"Abla. Moyo unanikimbia."

"Washa ishara. Teremka kulia, polepole. Vizuri. Simama."

Akasimama kwenye changarawe. Lori likapita, gari yote ikatikisika. Bi Salma alikuwa anahema.

"Nakufa, Abla. Wallahi nakufa."

Na mimi, kwa sababu ya lile lori, na kwa sababu ya sauti yake, nikaisikia hofu yangu inapanda, ile ile, na ganzi kwenye vidole. Mguu wangu ulikuwa juu ya breki ya upande wangu. Ningeweza kumwambia tubadilishane viti, nikaendesha kurudi, na sote wawili tusingetoka tena. Nilitazama saa.

"Hufi," nikamwambia. "Tungoje tu. Usifanye kitu. Nambie unaona nini nje."

"Naona... mtende. Naona taka za watu. Naona mbuzi amepanda ukuta."

"Yupi?"

"Yule mweusi. Hana adabu, anakula shuka la watu."

Akacheka kidogo, pumzi imekatikakatika. Yule mbuzi alilivuta shuka lote likaanguka kutoka kwenye kamba. Tukamtazama mpaka alipofukuzwa. Zilipita dakika saba.

"Yangu imepita," Bi Salma akasema, ameshangaa. Akanigeukia. "Na wewe, Abla? Mbona umekuwa na jasho?"

"Yangu bado kidogo," nikasema. "Twende nayo."

Alinitazama muda. Kisha akafunga vizuri ushungi wake, akatia gia, akawasha ishara, akatazama kioo kama nilivyomfundisha, akaingia barabarani.